Bendera Isiyo na Rangi

Kuna nyimbo mbili zinazoitwa "Wavin' Flag", na mimi nililelewa na ule wa pili. Ule wa Kombe la Dunia. Ule wa soda. Kama mwaka 2010 ulikuwa na masikio na uliishi mahali penye spika, hata ya jenereta, sihitaji kukueleza sana: ngoma nzito, umati ukishangilia nyuma ya sauti, na kiitikio ambacho hata wasiojua Kiingereza walikimaliza kwa kukisia. Nilikuwa na miaka 13, darasa la saba, tukiishi Bulla Iftin mjini Garissa, na hakuna kitu nilichokipenda kuliko wimbo ule, isipokuwa labda nyirinyiri ya hooyo.

Ule wa kwanza ulitangulia kwa mwaka mmoja. K'naan aliuweka kwenye albamu yake Troubadour, Februari 2009. Mwimbaji ni yuleyule, kiitikio ni kilekile, lakini beti ni nyingine kabisa. Coca-Cola walipouchukua uwe wimbo wa kampeni yao ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, beti ziliandikwa upya zikawa za sherehe. (Wimbo rasmi wa FIFA, kabla hamjaanza ubishi, ulikuwa "Waka Waka" wa Shakira. Najua. Kwetu hakuna aliyejali.) Beti za zamani nimezisikiliza kwa makini mwaka huu tu, nikiwa mtu mzima mwenye kitambulisho na madeni, na tangu siku hiyo sijatulia.

Hukumu ya haraka iko karibu, unaweza kuiokota njiani: wa kwanza ni sanaa, wa pili ni tangazo. Wa kwanza una uchungu, wa pili una povu. Nimesikia wasee wakiitoa hukumu hiyo bila hata kumaliza chai yao. Mimi nina shida nayo, kwa sababu inamsahau mtu mmoja, yaani msikilizaji aliyekuwa upande wa pili wa ukuta.

Ukuta naongelea ukuta kweli, wa mabati. Nyumba yetu ilipakana na ukumbi wa video, na wasichana hatukuwa tunaingia ukumbi wa video. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba saa nane mchana Garissa mtu mwenye akili anakaa chini ya mwarobaini. Kwa hiyo mimi Kombe la Dunia la 2010 sikuliona, nililisikia. Tulikuwa tunalala uani kwa sababu ya joto, mimi na dada zangu kwenye mkeka mmoja, na nilijua nani amefunga kwa jinsi mabati yalivyotetemeka. Usiku ule wa tarehe 2 Julai, Suárez alipouzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli na Gyan akaigonga penalti kwenye mwamba, mabati yalinyamaza ghafla kiasi kwamba hooyo aliamka akauliza kama umeme umepotea.

Mwenye ukumbi aliupiga wimbo kabla ya mechi, wakati wa mapumziko, na baada ya mechi hata kama timu yetu imepigwa. "Timu yetu" ilikuwa Ghana, bila shaka. Wavulana walichora nyota nyeusi ya bendera ya Ghana kwa makaa kwenye mabati yetu, upande wetu, na hooyo akawafukuza kwa fagio. Nyota ilibaki mpaka mvua za mwisho wa mwaka.

Sasa elewa kilichotupata. Redioni walisema msanii wa Kanada. Sisi tulisema Msomali. Hilo kwetu ndilo lilikuwa ubeti wa kwanza, ubeti wa pili na daraja la katikati. Dunia nzima ilikuwa inaimba na mtu mwenye jina kama la abti wangu, na mwaka ule, ukiona neno "Somalia" kwenye gazeti, lilikuwa limeambatana na maharamia au mabomu. Binamu yangu, ambaye namwita aboowe kwa kuwa ananizidi miaka sita, aliwekewa wimbo kwenye memori kadi ya Nokia yake na jamaa wa kibanda cha simu mjini. Aliniazima sikio moja la spika zake ndogo, yeye akabaki na lingine, na alikuwa na tabia ya kuusimamisha wimbo katikati ili anieleze jambo ambalo tayari nalijua.

Ayeeyo hakuwa na habari na K'naan. Aboowe akamsogezea simu sikioni, akamwambia kwa Kisomali, "Ayeeyo, sikiliza. Huyu ni wa familia ya Magool."

Hapo bibi akakaa sawa. Magool, kama hukulelewa na ayeeyo, alikuwa mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa Kisomali, na kaseti zake bibi alizihifadhi ndani ya sanduku la bati, pamoja na kitambulisho chake na karatasi nyingine za kumwonyesha serikali. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Akarudisha simu.

"Magool hakuhitaji kelele zote hizi," akasema.

Nimesoma uhakiki mwingi wa muziki tangu siku ile, na sijui kama kuna uliofika mahali haraka hivyo.

Keinan Abdi Warsame alizaliwa Mogadishu mwaka 1978. Aliondoka na mama yake na ndugu zake mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ikianguka, akiwa na miaka 13 hivi, umri niliokuwa nao mimi nilipoupata wimbo wake. Walienda New York, kisha Toronto. Mwaka uleule wa 1991 kambi za Dadaab zilianza kupokea watu, kama kilomita mia moja kutoka kwetu. Zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000. Kufikia 2011, mwaka wa njaa, zilikuwa na zaidi ya 400,000. Mwenye viza alifika Toronto. Mwenye miguu alifika Ifo. Na mwaka uleule tena, ndipo Kenya ilipofuta sheria za hali ya hatari zilizokuwa zimelikalia eneo letu tangu Desemba 1963. Ninaitaja miaka hii kwa sababu wimbo wa kwanza unaijua na wa pili hauijui.

Nilivyoupata huo wa kwanza, hakuna hadithi kubwa. Nilikuwa kwenye basi kutoka Eastleigh kwenda nyumbani, tumepita Mwingi, barabara imenyooka na nje hakuna cha kutazama ila vichaka na mbuzi. Programu ya muziki kwenye simu ikaamua yenyewe kunichezea toleo la albamu. Dakika ya kwanza nilidhani earphone imekufa upande mmoja. Ngoma wapi? Umati wapi? Sauti ni ileile lakini imesogea karibu, kama mtu aliyekuwa anahutubia uwanjani ameshuka jukwaani akaja kukaa na wewe. Halafu ubeti ukaanza, na sikuujua hata neno.

Sitaunukuu, utafute. Lakini nikwambie unafanya nini. Ubeti wa kwanza unaweka pamoja vitu viwili ambavyo kila Msomali ameviona vikikaa chumba kimoja: fahari ya ukoo wa kale sana, na umaskini wa mtaa wenye bunduki. Anayeimba hajioni mdogo. Anajua anakotoka ni mbali na ni juu, na anajua pia kwamba anapokanyaga pananuka baruti. Ubeti wa pili ndio ulionifanya nirudishe nyuma mara tatu. Pale anawasema wanaowatuma wengine kuwapigania vita vyao, kisha wanawatoroka na ahadi zao. Anasema habari ya kuhangaika kutafuta chakula, na ya kujiuliza uhuru utakuja lini. Na anasema habari ya kusubiri. Kwa uvumilivu.

Tukafika kizuizini kabla ya mji. Abiria wote chini, vitambulisho mkononi, foleni kwenye jua. Mzee mbele yangu alikuwa na kitambulisho kilichochakaa mpaka picha imekuwa kivuli, na askari akakishika juu dhidi ya mwanga kwa muda mrefu, akamtazama mzee, akakitazama tena. Nilikuwa bado na sikio moja ndani. Kiitikio kikaja.

Kile kiitikio nimekiimba maelfu ya mara na sikuwahi kukisikia kikiwa pale kilipopandwa. Nasema hivi: kiitikio chote cha "Wavin' Flag" kimesimama juu ya wakati ujao. Anayesema ni mtoto, na anaeleza atakavyokuwa akishakua. Kiswahili kina kiungo maalumu kwa kazi hii, -takapo-. Nitakapokua. Nitakapofika. Kiungo hiki kina deni ndani yake: ukisema "nitakapo", umekiri kwamba sasa, bado. Beti za kwanza ndizo zinazotaja deni lenyewe. Zinakuambia mtoto huyu anasubiri nini na nani anamsubirisha. Ukiziondoa ukaweka beti za mabingwa, za barabara zilizojaa watu, za mataifa yaliyoungana, mtoto bado anasema "nitakapo", lakini karamu tayari imefika, watu tayari wanacheza. Anasubiri nini tena? Sentensi imebaki na kiungo lakini haina deni.

Ndiyo maana siamini kwamba kosa la toleo la pili ni furaha. Watu wa Garissa tunapenda furaha, jamani. Kilichokatwa na mkasi ule ni kusubiri, na huzuni iliondoka tu kwa sababu ilikuwa imekaa kiti kimoja nako. Kusubiri ndiyo mali tuliyo nayo kwa wingi kuliko ngamia. Tume ya mwaka 1962 ilizunguka iliyokuwa Northern Frontier District kuuliza watu wanataka nini, wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia, na mwaka uliofuata Kenya ikapata uhuru huku jibu lao likiwa kwenye faili. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni kuhakikiwa uraia, wakapewa kadi ya ziada, rangi ya waridi, ya kuthibitisha kile ambacho kitambulisho chao kilikuwa tayari kimesema. Baba alikuwa nayo. Lami ya kwenda Wajir nimeahidiwa tangu nizaliwe. Si nalalamika; naeleza tu masikio ambayo wimbo ulikuwa unaingia.

Halafu kuna bendera yenyewe.

Jumatatu na Ijumaa asubuhi shuleni tulisimama mstari, skauti akaipandisha bendera ya Kenya, tukaimba. Hiyo ni moja. Nyingine ni ile ya bluu yenye nyota nyeupe, iliyobuniwa mwaka 1954, na nyota ile ina ncha tano kwa sababu waliofikiria Somalia kubwa walihesabu nchi tano walimokaa Wasomali. Ncha moja ni sisi. Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Hakuna mtoto wa Garissa anayefundishwa jambo hili darasani na hakuna asiyelijua. Watu walikufa kwa ajili ya ncha ile wakati wa vita vya Shifta miaka ya sitini, na wengine walikufa baadaye kwa kudhaniwa tu kwamba wanaitaka. Kwa hiyo neno "bendera" kinywani mwa mtoto wa kwetu si neno la kurusharusha. Ukisema unapeperusha bendera, lazima kuna mtu mzima pembeni atakayeuliza, ya nani?

K'naan hasemi ya nani. Katika matoleo yote mawili bendera haina rangi. Lakini kwenye ule wa kwanza bendera ni tashbihi: mtoto anasema atakuwa huru namna ile kitambaa kinavyokuwa huru upepo ukikikamata. Hazungumzi kuhusu mlingoti, hazungumzi kuhusu taifa. Anazungumza kuhusu upepo. Kwa mtu aliyeona taifa lake likivunjika akiwa na miaka 13, na bendera yenye nyota ikibaki inapepea juu ya nchi isiyo na serikali, hiyo ni tashbihi iliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kwenye ule wa pili, "kama" ipo bado kwenye maneno lakini imekufa, maana bendera sasa ni bendera kweli, ziko 32, zinauzwa kwenye taa za barabarani Nairobi. Tashbihi imekuwa bidhaa.

Na bidhaa hiyo ilitengenezwa kwa akili, tusikatae. Nchi nyingi zilipata toleo lao: Nancy Ajram aliingia kwa Kiarabu, David Bisbal kwa Kihispania. Kabla ya hapo, Machi 2010, wanamuziki wa Kanada walikuwa wametoa toleo lao kuchangia waliopigwa na tetemeko la Haiti. Wimbo ulikuwa umegeuka ile chupa ya kioo ya soda tunayoijua sote hapa, ile unayoirudisha dukani, inaoshwa, inajazwa tena, inaletwa mtaa mwingine. Chupa haiulizi ilikuwa na nini jana.

Hapa ndipo nataka kumtetea mtoto wa upande wa pili wa ukuta. Kwa sababu sisi chupa ile tuliijaza. Ilikuja imeoshwa na tukaitia yetu. Nani kwenye mtaa wetu alikuwa amesikia Troubadour mwaka 2009? Hata aboowe, aliyejifanya anajua kila kitu, hakuwa nayo. Albamu ile ilikuwa ya Toronto na ya watu wenye intaneti ya kutosha. Lori la soda, kwa upande mwingine, linafika kila mahali. Linafika Modogashe. Linafika mahali ambapo daktari hafiki. Wimbo ule ulipanda lori lile ukafika uani kwetu usiku, kupitia mabati, na kijana wa Kisomali akawa ndiye anayeikaribisha dunia. Mkasi uliokata beti ndio uliolipa nauli. Anayetaka kuniambia ilikuwa tangazo tu, aje aniambie pia angeniletea ule mwingine kwa gari gani.

Lakini nauli ililipwa kwa nini? Julai ile ilitujibu. Huko Somalia makundi yenye silaha yalikuwa yamepiga marufuku kutazama Kombe la Dunia, na watu waliuawa kwa kukaa mbele ya televisheni. Usiku wa fainali, tarehe 11 Julai, mabomu yalilipuka Kampala, kwenye klabu ya ragbi ya Kyadondo na kwenye mkahawa wa Ethiopian Village, yakaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wanatazama mpira. Al-Shabaab wakasema ni wao. Kesho yake mwenye ukumbi hakuupiga wimbo. Wala keshokutwa. Nakumbuka ukimya ule wa mabati kuliko ninavyokumbuka goli la Iniesta, ambalo hata hivyo sikuliona. Sisi wa miaka 13 tulikuwa na wimbo wa Msomali uliosema tufurahi pamoja, na habari za Wasomali waliolipua watu wakifurahi pamoja, na katikati hatukuwa na hata neno moja la kuviunganisha. Maneno hayo yalikuwepo. Ubeti wa pili, ule wa wanaotuma wengine wafe na kuwatoroka, ulikuwa umeandikwa, umerekodiwa, uko dukani. Ndio uliooshwa.

Hilo ndilo ninalomdai K'naan, au wale waliomshauri. Nampenda bado. Ila tungeutumia ule ubeti.

Tulizidi kuuhitaji. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia, na vita vikarudi kwetu vikiwa vidogovidogo, guruneti hapa, risasi pale. Novemba 2012 askari watatu waliuawa mjini, na katika operesheni iliyofuata soko la Mugdi likateketea. Watu wa nje wanaujua mji wangu kwa tarehe moja, 2 Aprili 2015, na kwa idadi moja, 148, na wana haki ya kuzijua. Mimi nilikuwa na miaka 18. Ninachosema ni kwamba tulifika hapo tukiwa na nyimbo za sherehe kibao.

Wiki chache baada ya soko kuungua, Desemba 2012, K'naan mwenyewe aliandika makala katika New York Times kuhusu kujidhibiti. Alikuwa ametoka kutoa albamu nyingine, na akakiri wazi kwamba alipokuwa akiitengeneza, watu wa kampuni ya muziki walimshauri alainishe mashairi yake ili redio za Marekani zimpokee, na kwamba alilainisha. Msichana aliyekuwa akiitwa Fatima kwenye Troubadour, rafiki wa utotoni aliyeuawa Mogadishu, sasa nafasi yake ilikuwa na msichana anayeitwa Mary. Akasimulia kisa cha mbweha aliyekuwa na mwendo wake mzuri, akamwona mtume akipita, akataka kutembea kama yeye. Mwendo wa mtume haukumkaa. Alipotaka kurudia wake akakuta ameusahau.

Makala ile naipenda sana, ila naona imechelewa kuanza hesabu. Mwendo wake wa asili uko kwenye "Soobax", 2005, ambapo anawaambia wababe wa vita kwa Kisomali watoke nje, sauti imekauka, hakuna anayembembeleza mtu. Ukitoka hapo ukaenda moja kwa moja kwenye "Wavin' Flag" ya 2009, hata hiyo ya kwanza, ile ya sanaa, utasikia mbweha ameshaanza kujaribu hatua. Kiitikio ni kikubwa kupita beti zake. Kimejengwa kwa uwanja wa mpira kabla uwanja haujapatikana. Miongoni mwa walioshiriki kuutunga ni Bruno Mars, na mtu huyo hajui kutengeneza kiitikio cha chumbani. Beti zinanong'ona, kiitikio kinafungua milango yote. Coca-Cola hawakuuvunja mlango, waliukuta wazi. Kwa hiyo wale wanaouweka ule wa kwanza juu ya rafu kama kitu kitakatifu, wausikilize tena pembeni ya "Soobax" au pembeni ya "Fatima". Ni wimbo mzuri wenye mguu mmoja tayari kwenye lori.

Na bado nauchagua. Nikiambiwa nibaki na mmoja, nabaki na wenye deni.

Aboowe hakubali. Siku hizi anaendesha lori la mizigo Minnesota, na nilimtumia toleo la albamu usiku ule ule niliofika nyumbani, bila maelezo. Alinijibu kwa sauti, injini ikinguruma nyuma.

"Abaayo, hii umeitoa wapi? Mbona hakuna ngoma?"

Nikamwambia ndiyo ya kwanza, ndiyo ya kweli.

"Hapana. Hii ni yake," akasema. "Ile ya ukutani ndiyo yetu."

Nilikaa na hiyo kwa muda, uani palepale, mabati yameshabadilishwa kuwa matofali na ukumbi wa video umekuwa duka la M-Pesa. Nikamwandikia kwamba hata hii ina sisi ndani, asikilize ubeti wa pili, asikilize vizuri. Akasema yuko barabarani, theluji imeanza, atausikiliza akifika Fargo.